Jinsi ya kuzichambua barua za Wakristo wa kwanza: nani aliandika, na alikuwa anafundisha nini

Watu wengi wakitaka kujua nani aliandika nyaraka za Agano Jipya wanakimbilia jibu la haraka kwenye intaneti, wanakuta mmoja anasema zote zenye jina la Paulo ni za Paulo, mwingine anasema ni saba tu, mwingine anasema hata kuuliza ni kukosa imani, basi wanafunga simu wakiwa wamechanganyikiwa kuliko walivyoanza. Mi nasema njia inayofaa ni kuishika barua yenyewe na kuisoma kama barua, na ukifanya hivo utaona kwamba swali la nani aliandika na swali la anafundisha nini yanajibiwa kwa pamoja, maana haya mafundisho hayakutungwa kama kitabu cha shule, yalitokana na ugomvi wa watu flani, maswali yao, misiba yao na deni zao, na ukishajua wale watu na shida yao ndo unaanza kuelewa kwanini mwandishi amesema hivi na sio vile.

Unachohitaji ni Biblia (ukipata tafsiri mbili, moja ya zamani na moja ya lugha nyepesi, vizuri zaidi), daftari na kalamu. Agano Jipya lina vitabu 27, na 21 kati ya hivyo ni nyaraka. 13 zinaanza na jina la Paulo, Waebrania haina jina la mtu yeyote, zinabaki Yakobo, mbili za Petro, tatu za Yohana na Yuda. Nje ya Biblia kuna nyingine za zamani sana pia, ntazifikia huko mbele.

Anza na Filemoni, usianze na Warumi

Warumi ni nzito, ukianza nayo utachoka sura ya tatu. Filemoni ina mistari 25 tu. Isome yote bila kusimama, alafu irudie ukiwa na kalamu na kila jina la mtu uliandike: Paulo, Timotheo, Filemoni, Afia, Arkipo, Onesimo, Epafra, Marko, Aristarko, Dema, Luka. Watu kumi na mmoja kwenye barua ndogo hivyo! Sasa jiulize kila mmoja anafanya nini humo. Nani anaomba, nani anaombwa, nani anazungumziwa ila hapewi nafasi ya kusema, nani anatuma salamu tu.

Hapo hapo jizoeze kutenganisha kilichoandikwa na ulichokisikia. Wengi tumeambiwa Onesimo ni mtumwa aliyetoroka na kumwibia bwana wake, lakini ukiisoma barua taratibu haisemi wazi kwamba alitoroka. Inasema alitengwa na Filemoni kwa muda, na inasema kama amemdhulumu au anadaiwa kitu basi Paulo atalipa, na hilo la kulipa Paulo anasema ameliandika kwa mkono wake mwenyewe. Kutoroka ni maelezo ya wasomaji, na yanaweza kuwa sahihi kabisa, ila kwenye daftari yaandike kwenye upande wa "inadhaniwa", yasikae pamoja na yaliyosemwa.

Alafu angalia mafundisho yanavyoingia. Paulo anasema angeweza kuamuru ila anaomba kwa ajili ya upendo, anataka Onesimo apokelewe sio tena kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa, na anamalizia kwa kusema anajua Filemoni atafanya kuliko hata alivyoombwa, tena amwandalie chumba cha kulala maana anatarajia kuja. Na barua haijaandikiwa Filemoni peke yake, anatajwa Afia, Arkipo na kanisa linalokutana nyumbani kwake! Yaani ombi hilo limesomwa mbele za watu. Mi naona hapo pana nguvu kubwa kuliko amri yoyote, na usingeiona kama ungekuwa unatafuta tu mstari wa kukariri. Pia utaona kitu ambacho barua haifanyi, haisemi utumwa wote ufutwe, na hilo nalo uliandike kwa uaminifu, usimwekee Paulo maneno mdomoni.

Jua barua za enzi zile ziliandikwaje

Hili watu wanaliruka na ndo linaharibu hesabu zote za nani aliandika. Barua za enzi zile zilikuwa na mpangilio wake: jina la anayetuma kwanza, anayepokea, salamu, shukrani au dua, ndipo jambo lenyewe, maonyo, na salamu za mwisho. Tunalijua hili vizuri kwasababu kule Oxyrhynchus nchini Misri, tangu mwaka 1896 na 1897, wasomi wawili Waingereza, Grenfell na Hunt, walichimbua mafunjo mengi sana (karatasi za zamani zilizotengenezwa kwa mmea), na ndani yake kuna barua za watu wa kawaida kabisa, mtoto kwa mzazi, mfanyabiashara kwa mwenzake, na zinafuata mpangilio ule ule. Kwahiyo ukiujua mpangilio, utashtuka pale unapovunjwa. Chukua Wagalatia. Nyaraka nyingi za Paulo baada ya salamu anamshukuru Mungu kwa ajili ya wanaoandikiwa, lakini kwa Wagalatia hakuna shukrani, anaingia moja kwa moja na kusema anastaajabu wameiacha injili upesi hivyo. Hasira yake unaiona hata kabla hujajua ugomvi ni wa nini.

Kitu kingine, mwandishi mara nyingi hakushika kalamu. Kulikuwa na makarani. Warumi 16:22 karani mwenyewe anajitokeza, anaitwa Tertio, anatuma salamu zake. Mwisho wa Wagalatia Paulo anachukua kalamu na kusema tazameni herufi kubwa ninazoandika kwa mkono wangu. 1 Petro inasema imeandikwa kwa mkono wa Silwano. Sasa karani alikuwa na uhuru kiasi gani? Wengine waliandika neno kwa neno, wengine walipewa wazo wakalipanga wenyewe, na hapo ndo ugumu unapoanzia, maana mtindo wa lugha ukibadilika unaweza kuwa ni karani amebadilika. Tena nyaraka kadhaa za Paulo zina watumaji zaidi ya mmoja, 1 Wathesalonike ni Paulo, Silwano na Timotheo, 1 Wakorintho ni Paulo na Sosthene.

Na kuna mbebaji. Posta ya serikali ya Roma haikuwa ya raia, barua ilibebwa na mtu unayemwamini. Warumi 16 inamtambulisha Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na wasomi wengi wanaona yeye ndiye aliyeipeleka barua hiyo Roma, basi inawezekana sana ndiye aliyeulizwa maswali ya kwanza kuhusu Warumi. Mi hilo linanigusa kila nikilifikiria.

Pata mwaka, hata wa kukadiria

Usijaribu kutafuta tarehe ya kila barua, tafuta nukta moja imara alafu pima kutoka hapo. Nukta yenyewe ni Galio. Matendo 18 inasema Paulo akiwa Korintho alishtakiwa mbele ya Galio, liwali (yaani gavana) wa Akaya, jimbo la Roma huko Ugiriki. Huko Delphi, Ugiriki, vimepatikana vipande vya jiwe lenye barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio huyo huyo, na vinamweka Akaya karibu na mwaka 51 hadi 52 BK. Kwahiyo Paulo alikuwa Korintho miaka hiyo, na 1 Wathesalonike ambayo inaonekana iliandikwa kutoka huko inaangukia karibu mwaka 50 au 51, ndo maana wengi wanaihesabu kuwa maandishi ya Kikristo ya zamani kuliko yote tuliyonayo (wapo wanaoiweka Wagalatia mbele). Ni kama miaka ishirini tu baada ya kusulubiwa kwa Yesu.

Sasa swali lenyewe, nani aliandika

Nyaraka saba wasomi karibu wote wanakubali ni za Paulo: Warumi, 1 na 2 Wakorintho, Wagalatia, Wafilipi, 1 Wathesalonike na Filemoni. Hizi zifanye kipimo chako. Wakolosai, 2 Wathesalonike na Waefeso wasomi wamegawanyika. 1 na 2 Timotheo na Tito wengi wanaona ziliandikwa na mwanafunzi au mfuasi baadaye, ila wapo wasomi wazuri wanaotetea kwamba ni za Paulo mwenyewe. Usichukue kura za wasomi kama jibu, zichukue kama ramani ya wapi pa kuchimba.

Kwa kila barua yenye ubishi uliza maswali haya, na uyaulize yote, maana hakuna hata moja linalotosha peke yake. Barua inajitambulisha vipi? Nani wa kwanza nje yake anaitaja, na lini? Lugha yake inafanana na zile saba? Hali ya kanisa inayoonekana humo ni ya miaka ipi? Mafundisho yake yanakaa wapi ukiyalinganisha? Inategemea barua nyingine? Na nakala za zamani zinasemaje?

Ntachukua Waefeso maana ina kila kitu. Nakala za zamani kwanza: kuna kitabu cha mafunjo kinachoitwa P46, cha karibu mwaka 200, kurasa zake ziko Dublin na nyingine Chuo Kikuu cha Michigan, ndicho mkusanyiko wa zamani zaidi wa nyaraka za Paulo tulio nao. Kwenye P46, na pia kwenye maandishi ya kwanza ya Codex Sinaiticus na Codex Vaticanus (Biblia mbili za Kigiriki za karne ya nne zilizoandikwa kwa mkono), maneno "walioko Efeso" kwenye mstari wa kwanza hayamo! Ndo maana wengine wanadhani ilikuwa barua ya kuzungushwa makanisa mengi. Na kweli ukiisoma unaona haina salamu kwa mtu yeyote wa Efeso, wakati Matendo inasema Paulo alikaa huko muda mrefu, hata 3:2 inaongea kana kwamba wasomaji wamesikia tu habari zake. Alafu lugha, 1:3 mpaka 1:14 kwa Kigiriki ni sentensi moja ndefu. Alafu utegemezi, fungua Waefeso 6:21-22 na Wakolosai 4:7-8, maneno kuhusu Tikiko yanafanana karibu neno kwa neno, kwahiyo mmoja alikuwa na barua ya mwenzake mbele yake, au ni mtu yule yule aliyeandika zote siku za karibu. Alafu mafundisho, Waefeso 2:20 inasema kanisa limejengwa juu ya msingi wa mitume na manabii, wakati 1 Wakorintho 3:11 inasema hakuna msingi mwingine ila Yesu Kristo. Waefeso 2:6 inasema tumeshafufuliwa pamoja na Kristo, Warumi 6:5 inaweka ufufuo huo mbele yetu.

Umeona? Mtu wa upande huu atasema huyu ni mwanafunzi anayemtazama Paulo na mitume kutoka mbali kidogo. Mtu wa upande ule atasema Paulo yule yule kazeeka, yuko kifungoni, anaandikia makanisa mengi kwahiyo lugha imekuwa kama ya ibada, na karani ni mwingine. Mi kwa kusoma kwangu naona uzito unaelemea kidogo kwa mwanafunzi kwenye Waefeso, na Wakolosai bado naiacha katikati, hasa kwasababu ya yale majina: Onesimo, Epafra, Marko, Aristarko, Dema, Luka na Arkipo wote wako Filemoni na wote wako Wakolosai 4. Mmoja ataona ni dalili ya ukweli, mwingine ataona ni mwigaji mwerevu amechukua majina, na ushahidi ule ule unaenda pande mbili. Ukishaliona hilo hutamwita tena mtu mjinga kwasababu hakubaliani na wewe.

Timotheo na Tito ntapita haraka. Zaidi ya theluthi moja ya msamiati wake haumo kwenye nyaraka nyingine zenye jina la Paulo, zinaongelea sifa za maaskofu, mashemasi na orodha ya wajane, P46 kwa kurasa zilizobaki haina hizo tatu, na Marsioni, mwalimu ambaye kanisa lilimkataa, katikati ya karne ya pili alikuwa na nyaraka kumi za Paulo bila hizo. Upande wa pili wanajibu kwamba msamiati hubadilika na mada, kwamba P46 imepotea kurasa za mwisho, na kwamba Marsioni alikuwa na tabia ya kukata asichokipenda. Pima mwenyewe. Ila angalia tofauti ya 1 Timotheo 2:12 inayomkataza mwanamke kufundisha, na 1 Wakorintho 11:5 ambapo wanawake wanasali na kutoa unabii kanisani, maana hapa swali la mwandishi linagusa maisha ya watu leo, sio mambo ya maktaba tu.

Zoezi ambalo ningependa kila mtu alifanye: Yuda na 2 Petro

Chora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Kushoto andika Yuda, kulia 2 Petro sura ya 2. Malaika waliofungwa gizani, Yuda 6 na 2 Petro 2:4. Sodoma na Gomora, Yuda 7 na 2:6. Malaika wasiothubutu kutukana, Yuda 9 na 2:11. Balaamu, Yuda 11 na 2:15. Mawingu yasiyo na maji kwa Yuda 12, visima visivyo na maji kwa 2:17. Ni jambo lile lile kwa mpangilio karibu ule ule.

Sasa nani kachukua kwa nani? Angalia tofauti. Yuda anasimulia Mikaeli akibishana na Ibilisi juu ya mwili wa Musa, habari ambayo haimo kwenye Agano la Kale, na mistari ya 14 na 15 anamnukuu Henoko kwa jina, maneno yanayopatikana kwenye kitabu cha Henoko ambacho Biblia nyingi hazina. 2 Petro hana Henoko, na Mikaeli hatajwi, wamebaki "malaika" tu, mpaka ule mstari wenyewe haueleweki vizuri bila kusoma Yuda. Tena Yuda anaanza na Waisraeli jangwani, ndipo malaika, ndipo Sodoma, wakati 2 Petro kapanga kwa mfuatano wa historia, malaika, gharika ya Nuhu, Sodoma. Ni rahisi zaidi kueleza mtu aliyechukua Yuda akaipanga upya na kuondoa vitabu vyenye ubishi kuliko mtu aliyechukua 2 Petro akaivuruga, ndo maana wasomi wengi wanaiweka Yuda kwanza. Ongeza kwamba 2 Petro 3:4 inaongelea baba zetu kwamba wameshalala, na 3:16 inazitaja nyaraka za Paulo pamoja na maandiko mengine, yaani zimeshakusanywa na zina heshima hiyo. Eusebi wa Kaisarea, mwanahistoria wa kanisa, mwanzoni mwa karne ya nne, anaihesabu 2 Petro kati ya vitabu vilivyobishaniwa, pamoja na Yakobo, Yuda, na 2 na 3 Yohana. Kwahiyo wanaokwambia kwamba ubishi huu umeletwa na wasomi wa juzi wasioamini, sio kweli, wazee wa kanisa walishabishana juu yake waziwazi. Origenes, mwalimu wa kanisa wa karne ya tatu, kuhusu Waebrania alisema nani aliyeiandika, kwa kweli Mungu ndiye anajua. Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, aliona ni ya Barnaba, Martin Luther, mwanamageuzi wa Ujerumani, baadaye akamdhania Apolo. Dionisi wa Aleksandria karne ya tatu alilinganisha Kigiriki cha Injili na waraka wa Yohana na kile cha Ufunuo akaona sio mkono mmoja. Orodha ya vitabu 27 kama tulivyonavyo tunaikuta kwenye barua ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367.

Na je kuandika kwa jina la mwingine ilikuwa sawa? Watu wanapenda kusema zamani ilikuwa kawaida tu. Sio rahisi hivyo. 2 Wathesalonike 2:2 inaonya juu ya barua inayodaiwa kutoka kwa Paulo, na Tertuliani anasimulia mzee wa kanisa huko Asia aliyetunga kitabu kinachoitwa Matendo ya Paulo, akakiri kafanya kwa kumpenda Paulo, na bado akaondolewa kwenye nafasi yake. Upande mwingine wanafunzi kuendeleza sauti ya mwalimu lilikuwa jambo linalojulikana. Basi usikimbilie neno "feki", na pia usijifanye hakuna tatizo lolote.

Kuyasikiliza mafundisho vizuri

Kusoma barua hizi ni kama kumsikia mtu akiongea na simu, unasikia upande mmoja tu. Kazi yako ni kuuliza huyu wa upande wa pili kasema nini. 1 Wakorintho ndo pazuri pa kujifunzia maana Paulo mwenyewe anatoa vyanzo: 1:11 watu wa nyumbani kwa Kloe wamemletea habari za magomvi, 7:1 anajibu mambo waliyomwandikia, 5:9 anataja barua aliyowaandikia kabla ambayo hatunayo tena. Kila anapoanza na "kwa habari za" piga mstari, mara nyingi hapo anajibu swali. Na 6:12, "vitu vyote ni halali kwangu", wengi wanaona ni msemo wa Wakorintho wenyewe anaounukuu ili aupunguze makali. Ukimwekea Paulo msemo wa wapinzani wake kama ndio fundisho lake, utafundisha kinyume chake kabisa, na hilo limetokea kwa watu wengi sana.

Ila usizidishe. Sio kila katazo lina maana kwamba kuna mtu alikuwa anafanya hicho kitu, mengine ni maonyo ya kawaida. Chukua tu pale ambapo barua yenyewe inarudia jambo, inapandisha sauti, au inataja majina.

Yakobo na Paulo watu wanapenda kuwapiganisha. Warumi 3:28 mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria, Yakobo 2:24 kwa matendo na sio kwa imani peke yake, na wote wawili wanamtumia Ibrahimu yule yule! Luther mwaka 1522 aliuita Yakobo waraka wa majani makavu. Lakini uliza kila mmoja anabishana na nani. Paulo anabishana na wanaotaka watu wa mataifa watahiriwe na kushika torati ndipo wakubaliwe, Yakobo anabishana na mtu anayemwambia ndugu aliye uchi na njaa "nenda ukaote moto na kushiba" bila kumpa kitu. Soma Yakobo 5:4 kuhusu ujira wa wavunaji uliozuiliwa, utajua moyo wa barua hiyo uko wapi, na sijui kwanini inasomwa kidogo hivyo.

Toka nje ya Agano Jipya

Hapa wengi hawafiki na ni hasara. Anza na 1 Klementi, barua ya kanisa la Roma kwa kanisa la Korintho, kwa kawaida inawekwa karibu na mwaka 96. Korintho walikuwa wamewaondoa wazee wao wa kanisa, Roma wakaandika kuwaomba wapatane. Jina la Klementi halimo kabisa ndani ya barua, tunalipata kwa mashahidi wa baadaye kama Dionisi wa Korintho karibu mwaka 170. Na sura ya 47 inawaambia Wakorintho wachukue waraka wa Paulo na wakumbuke alivyowaandikia juu ya mafarakano. Huo ndio ushahidi wa nje ambao kila mtu anautamani, kanisa jingine, karne hiyo hiyo, linaitaja 1 Wakorintho kwa uwazi, tena kanisa lile lile likiwa bado linagombana.

Alafu Ignasi, askofu wa Antiokia. Alikuwa anapelekwa Roma kuuawa, amefungwa na askari kumi anaowaita chui, na njiani akaandika barua saba, nne kutoka Smirna na tatu kutoka Troa. Sita ni za makanisa na moja ni ya Polikarpo, askofu wa Smirna. Kwa kawaida zinawekwa mwanzoni mwa karne ya pili. Ndani utakuta mkazo mkubwa kwamba kila kanisa lishikamane na askofu mmoja, na mapambano na wanaosema Yesu hakuwa na mwili wa kweli. Ile ya Warumi ni ngumu kuisoma, anawasihi wasimwokoe. Lakini jihadhari na toleo unalosoma, maana karne ya nne mtu alizirefusha na kuongeza nyingine za kutunga, mpaka mwaka 1644 James Ussher, askofu mkuu na msomi wa Ireland, alipotenganisha za kweli na nyongeza. Ukikuta Ignasi mwenye barua zaidi ya saba, hilo sio toleo la kuanzia.

Barua ya Polikarpo kwa Wafilipi isome baada ya hapo, ni fupi na inataja kwamba anawatumia barua za Ignasi, kwahiyo unaona kwa macho jinsi mikusanyiko ilivyozaliwa, watu wanaombana nakala. Ile ya Barnaba iliheshimiwa sana, imo ndani ya Codex Sinaiticus baada ya Ufunuo, ila inasema hekalu limeshabomolewa, maana yake ni baada ya mwaka 70, na wasomi wengi hawaoni kama ni Barnaba rafiki wa Paulo. Iite 2 Klementi barua kama unataka, ukiisoma utasikia ni mahubiri. Na zile 14 za Paulo na Seneca, mwanafalsafa wa Roma, ni za kutungwa, za karne ya nne hivi, zisome mwisho ili uone tofauti kati ya barua yenye shida ya kweli ndani yake na barua ya kujipendekeza.

Codex Sinaiticus yenyewe imewekwa yote kwenye intaneti bure, hata kama husomi Kigiriki nenda ukaiangalie, uone masahihisho ya wanakili pembeni ya safu.

Kuweka kumbukumbu

Kila barua ipe ukurasa wake. Juu andika barua inasema imetoka kwa nani, chini yake hoja za kukubali, hoja za kukataa, alafu hukumu yako kwa maneno matatu tu: hakika, inawezekana, haijulikani. Chini kabisa andika shida iliyoleta barua na jibu la mwandishi kwa sentensi zako. Tumia penseli kwenye hukumu maana utabadilisha. Na zisome kwa sauti ukipata wenzako wawili watatu, barua nzima bila kukatwa mistari, kwasababu 1 Wathesalonike 5:27 inaagiza isomwe kwa ndugu wote na Wakolosai 4:16 inaagiza wabadilishane na Laodikia, ziliandikwa zisikiwe na watu waliokaa pamoja. Mmoja asome, wengine wafunge Biblia zao, mkimaliza ndipo muulizane mmesikia nini. Mkishamaliza Filemoni chukueni 3 Yohana, ina mwandishi anayejiita "mzee" tu bila jina, na Diotrefe anayekataa kuwapokea ndugu, na Gayo anayesifiwa kwa kuwapokea, mtakuwa na ya kubishana jioni nzima.